Saa Moja Isiyo na Jua: Barua ya Wazi kwa Mnaopanga Ratiba za Shule

Waheshimiwa mnaopanga na kusimamia ratiba za shule za msingi,

YAH: KENGELE YA ASUBUHI KWA WATOTO WA DARASA LA KWANZA, MIKOA YA MAGHARIBI

Shikamooni. Najua baadhi yenu ni rika la wanafunzi wangu wa mwanzo. Hao wataniamkia wenyewe wakifika mwisho wa barua.

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza katika shule moja ya serikali upande wa Kasulu, mkoani Kigoma. Huu ni mwaka wangu wa 16 katika chumba kilekile. Wenzangu hulikwepa darasa hilo. Ukipangiwa la kwanza unapewa pole kana kwamba umefiwa. Mimi nimelizoea, na kusema kweli nalipenda. Rejesta yangu ya mwaka huu ina majina 108. Kiwango mlichotuwekea ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, lakini sikuandika kulalamikia hilo, maana limeshaandikiwa barua nyingi na wenye kalamu nzuri kuliko yangu. Nimeandika kuhusu jua.

Kiswahili chetu kinahesabu saa kuanzia mapambazuko. Saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana, na mtoto anayeambiwa "saa moja" anategemea kuona kivuli chake. Hesabu hiyo ilizaliwa pwani na pwani bado inafanya kazi. Mwezi Julai jua la Dar es Salaam hutoka kama saa kumi na mbili na dakika 35. Kwetu, mwezi huohuo, hutoka saa moja na dakika kumi hivi. Januari, shule zinapofunguliwa na watoto wapya wanaletwa wakiwa wameshika mikono ya mama zao, jua hutoka kwenye saa moja kamili, na Februari linachelewa zaidi. Nafuu yetu ni Novemba, na Novemba huwa tuna mvua.

Jua halina kosa. Nchi nzima tunafuata saa za Afrika Mashariki, na Kigoma iko karibu digrii kumi za longitudo magharibi ya Dar es Salaam. Kila digrii moja ni dakika nne. Zidisheni wenyewe. Anayetaka kuliona jambo hili kwa macho aende Manyovu, kwenye mpaka. Ukivuka tu kuingia Burundi unarudisha saa yako nyuma kwa saa nzima. Kilima ni kilekile, jogoo ni yuleyule, ila ng'ambo ile wanasema ni saa kumi na mbili alfajiri na sisi huku tunasema ni saa moja, tena tunasema kwa kengele.

Kengele yetu ni ringi ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwembe. Hugongwa saa moja kwa ajili ya usafi, saa moja na nusu kwa ajili ya mstari, saa mbili kwa ajili ya kipindi cha kwanza. Ratiba hiyo sikuikuta kwetu peke yake. Nimefanya mafunzo kwa vitendo Morogoro, nimefundisha kwa muda mfupi Tanga kabla ya kuhamia huku, na kote ni hivyohivyo, tofauti ni robo saa huku au kule. Tanga mtoto alikuwa anakuja na jua mgongoni. Huku, mtoto anayetembea dakika 40 na anayetakiwa awe uwanjani na fagio saa moja kamili, anatoka kwao saa kumi na mbili na robo. Ni giza totoro wakati huo. Barabara ina bodaboda zinazowahi abiria wa mabasi ya alfajiri, na baadhi hazina taa.

Mtasema mdogo huyo hatembei peke yake. Ni kweli, anatembea na dada au kaka. Lakini kama dada yuko darasa la saba na ana masomo ya ziada kabla ya mstari, basi wote wawili wanaondoka mapema zaidi, na mdogo akifika anakaa barazani akijikunyata, akisubiri shule ianze. Hilo la madarasa ya mitihani waliandike wenye madarasa yao. Mimi ninachokiona ni yule wa barazani.

Sasa tazameni kinachofuata. Kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani kwangu, kipindi cha kwanza ni Kusoma, cha pili ni Kuhesabu. Mantiki yake naijua, tulifundishwa chuoni: somo linalotaka fikra liwekwe asubuhi, akili ikiwa mbichi. Sina ubishi na mantiki hiyo. Ila akili ya mwanafunzi wangu saa mbili asubuhi si mbichi hata kidogo. Ameamka saa kumi na moja. Amekwenda mwendo, amefagia majani ya mwembe, ameokota karatasi, amebeba kidumu cha maji cha lita tatu, amesimama mstarini akikaguliwa kucha na kusikiliza matangazo ya michango ambayo hayamhusu, ameimba wimbo wa taifa. Na tumboni hana kitu, kwa sababu hakuna mama anayewasha moto saa kumi na moja alfajiri kwa ajili ya chai ya mtoto mmoja, na uji wa shule ni saa nne. Hapo ndipo namwambia atamke sauti ya herufi "m".

Wanalala, waheshimiwa. Anaanza mmoja wa nyuma, kichwa kinashuka polepole hadi kwenye dawati, halafu jirani yake. Kufika saa mbili na nusu huwa nahesabu vichwa kumi au kumi na tano vilivyolala. Mwanzoni nilikuwa nawaamsha kwa wimbo. Siku hizi nawaacha robo saa, kisha ndipo naimba.

Nina kisa kimoja ambacho sijawahi kukiandika popote. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mwalimu wa zamu, mwezi Julai, na baridi ya Kasulu mwezi huo inauma masikio. Wachelewaji walipangwa mstari wao pembeni, na mimi mwenyewe, wala simsingizii mtu, niliwapigisha magoti. Miongoni mwao alikuwamo binti wa darasa langu, amevaa sweta la kaka yake lililomfika magotini. Matangazo yalirefuka. Niliporudi kuwainua, yeye hakuinuka. Alikuwa amelala palepale, magoti chini, kichwa begani kwa mwenzake. Nilipomwamsha na kumuuliza kwa nini alichelewa, alinijibu kwa Kiha kwamba alikuwa anangoja kuche, aione njia. Mtoto wa miaka sita alikuwa amefanya uamuzi wa busara kuliko ratiba yetu, nami nikamwadhibu kwa huo. Tangu siku ile sijamwadhibu mtoto kwa kuchelewa, na jambo hilo limenigombanisha na wenzangu zaidi ya mara moja. Wanasema nawadekeza.

Msije mkadhani nina ugomvi na ratiba. Mwalimu wa darasa la kwanza asiyekuwa na utaratibu hamalizi juma. Ni utaratibu ndio unaonishikia watoto 108 kwa sauti moja ya mwanamke mwenye umri wangu. Niruhusuni nieleze kidogo, maana wengi wenu mlipita darasa hili zamani na hamkumbuki lilivyoendeshwa.

Mtoto wa miaka sita hajui saa. Anajua kinachofuata. Ukutani kwangu nimechora kwenye manila picha za siku nzima: mlango, kopo, kitabu, bakuli la uji, vijiti, mpira, mfuko mgongoni. Kila tukimaliza jambo, mtoto mmoja anasogeza kibanio cha nguo kwenda picha inayofuata. Kibanio kikifika kwenye mpira hakuna anayeniuliza tutatoka lini. Kabla sijawa na picha hizo nilikuwa naulizwa "mwalimu, tunaenda nyumbani?" mara 30 kwa siku, na mara nyingine kwa machozi.

Kopo ni la mahudhurio. Nina makopo mawili ya rangi mlangoni na vizibo vya soda 108. Kila anayeingia anatoa kizibo kwenye kopo la kushoto anatia la kulia. Tukishakaa, wawili wanamwaga vizibo vilivyobaki kushoto na darasa zima linavihesabu kwa sauti. Hao ndio hawakuja. Kufikia Machi watoto wangu wanaweza kuhesabu hadi 20 bila mimi kuwa nimefundisha kipindi chochote cha kuhesabu hadi 20, kwa sababu siku za mvua wanaokosa huwa wengi. (Mama muuza duka anayenipa vizibo hivyo anadhani natengeneza manyanga. Nimemwacha aamini hivyo.)

Halafu kuna lugha. Watoto wangu karibu wote wanazungumza Kiha nyumbani. Asubuhi wananiambia "mwakeye", nami naitikia, kisha nasema "hamjambo" na wao wanaitikia. Kitabu chao cha kwanza cha Kiswahili si kile chenye picha ya ng'ombe. Kitabu chao cha kwanza ni yale maneno ninayoyasema kila siku, saa ileile, kwa namna ileile: ingieni, kaeni, toeni madaftari, wekeni penseli chini, nani hajamaliza, simameni tunyooshe mikono. Nikiyarudia kwa mpangilio uleule juma la tatu linapoisha wanayaelewa wote, na juma la tano wanaambizana wenyewe. Nikiyavuruga, nikianza leo hivi na kesho vile, wanabaki wananitazama mdomo. Ndiyo maana nasema utaratibu naupenda. Lakini utaratibu wa darasani unajengwa na mtoto aliye macho.

Kipindi cha darasa la kwanza ni dakika 30. Nikimpa kila mtoto dakika moja tu anisomee silabi tatu, nahitaji dakika 108, yaani zaidi ya vipindi vitatu na nusu, bila kufundisha lolote. Kwa hiyo nawasikiliza kwa zamu, safu moja kila siku. Safu ikiangukia siku ambayo mtoto alilala, zamu yake inarudi baada ya juma. Hapo mtaona kwamba usingizi wa dakika 20 unamgharimu juma zima la kusoma. Tangu mtaala mpya ulipoanza Januari 2024 tumeongezewa na Kiingereza hukuhuku chini. Sikatai. Naomba tu kiwakute wamefumbua macho.

Niliwahi kujaribu dawa. Muhula mmoja, kwa ruhusa ya mdomo ya mwalimu mkuu na kwa hisani ya mpishi, darasa langu lilikunywa uji mwanzo kabisa, saa mbili na dakika kumi, badala ya saa nne. Mahindi yalikuwa yaleyale wanayochanga wazazi, kuni zilezile, ila sufuria letu lilitangulia. Kusoma nikakupeleka saa mbili na dakika 40. Saa nne, wenzao wakinywa uji, wangu walikuwa wanacheza. Sikuandika takwimu, sikujua kama ningezihitaji, lakini vichwa vilivyokuwa vinalala kumi na tano vilishuka hadi viwili vitatu, na ule mlio wa kipindi cha kwanza, darasa zima likitamka "ma, me, mi, mo, mu", ulikuwa unasikika ofisini. Nilijisikia mwalimu.

Mwezi wa pili wa jaribio akaja mgeni wa ukaguzi. Alikaa nyuma akatazama ratiba ukutani, akatazama saa yake, akaandika. Taarifa ilisema kwamba ratiba haizingatiwi, na kwamba muda wa masomo unatumika kula. Simlaumu, alikagua alichotumwa kukagua. Fomu yake haikuwa na mahali pa kuandika kwamba watoto wako macho. Tulirudi saa nne.

Ombi lenyewe sasa. Siombi Kigoma ibadilishiwe saa. Tumeshazoea kula futari wakati Dar wameshaosha vyombo. Naomba kengele tu. Kwa shule za mikoa ya magharibi, Kigoma, Katavi, Rukwa na Kagera, wekeni kwa maandishi kwamba mtoto wa awali, la kwanza na la pili hadaiwi kuwa uwanjani kabla ya saa mbili, na kwamba kipindi chake cha kwanza kinaanza saa mbili na nusu. Usafi wa asubuhi usimhusu. Afagie darasa lake mchana kabla ya kuondoka, jua likiwa limesimama, na kwa umri ule kufagia ni mchezo. Mstari asimame siku moja kwa juma, Jumatatu, aimbe wimbo wa taifa na wenzake, siku nyingine aingie moja kwa moja darasani. Na mpangilio wa ndani ya siku yake, kipi kitangulie na uji uwe lini, aachiwe mwalimu wa darasa, auandike, aubandike, kisha akaguliwe kwa ule alioubandika.

Neno "kwa maandishi" nimelitia makusudi. Mwalimu mkuu wangu ni mwelewa, na Afisa Elimu Kata naye ni mtu wa kuzungumzika. Wote wameniambia kitu kimoja: "Mwalimu, una hoja, lakini waraka uko wapi?" Jirani zetu Kenya wanao. Kanuni zao za elimu ya msingi za 2015 zinasema shule ya kutwa isimtake mwanafunzi afike kabla ya saa moja na robo, na masomo yaanze saa mbili. Na kwao jua linatangulia kutoka kuliko kwetu.

Nimeshasikia pingamizi, na moja ni zito. Mdogo akianza saa mbili na dada yake akabaki kudaiwa saa moja, mdogo atatembea na nani? Nimelifikiria sana hili. Jibu ninaloliona ni kusogeza shule nzima kwa nusu saa, na hata saa nzima kwa ule usafi. Mtauliza, je, muda huo tutaufidia wapi? Jioni. Jua linalochelewa kutoka kwetu linachelewa pia kuzama. Julai, Dar es Salaam jua linazama saa kumi na mbili na dakika 20 na ushei. Kwetu linazama saa moja na dakika tatu. Darasa la saba wakitoka nusu saa baadaye bado wanafika nyumbani kweupe, wanachota maji kweupe, wanafunga mbuzi kweupe. Kinachotuumiza ni kwamba tunatumia asubuhi tusiyokuwa nayo na kuiacha jioni tuliyo nayo.

Walimu wenzangu wengine hawatafurahi, nawaambia mapema. Wapo wenye vibanda vya duka na mashamba ya maharage ya jioni, na mshahara mnaujua. Wengine wataona ni kuvunja nidhamu, maana shule kwao ni lazima ianze na ukakamavu. Hao waulizwe kama wao wenyewe, wakiwa na miaka sita, waliwahi kufagia uwanja kwa kupapasa.

Msiniamini kwa barua. Njooni mwezi Julai, si kwa gari linalofika saa nne tukiwa tumepiga deki. Laleni Kasulu mjini. Saa kumi na mbili na robo muwe njiapanda, pale wanapokutana watoto wa vitongoji viwili, mtembee nao hadi shuleni. Hawataogopa wageni, watawaamkia. Mje na tochi, na mkivaa viatu vya ofisini kuna sehemu moja ya kuvuka kijito. Mkifika ingieni kwangu, mkae dawati la nyuma, na kila mmoja achukue kizibo mlangoni kama wengine.

Nakala ya barua hii ninayo na mwalimu mkuu anayo, kwa kuwa najua jibu likija litapitia kwake.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa Darasa la Kwanza
Kasulu, Kigoma